Niulizeni Kitu Kingine, Siyo Megapikseli

Jumamosi iliyopita mzee mmoja alipanda ngazi hadi kwangu Kariakoo, akaketi, akapumua, halafu akatoa boksi la kamera kwenye bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi kwenye fani. Hii ni arobaini na nane."

Aliitamka hiyo 48 kama mtu anayetaja matokeo ya mjukuu. Miaka ya themanini mzee huyu alikuwa akipiga harusi kwa Yashica, mkanda mmoja picha 36, kila shata anaihesabia. Mwanga anaujua kuliko vijana wangu wote. Lakini kaingia dukani, kaulizia megapikseli (milioni ngapi za pikseli, zile nukta zinazounda picha), kapigwa. Yeye ni wa ngapi mwaka huu? Nimeacha kuhesabu, ndiyo maana naandika.

Kamera za aina ile zinaandikwa 48 kwenye boksi, ndani sensa yake (siyo ya watu na makazi, nasema kile kidude kinachopokea mwanga, pale ulipokuwa unakaa mkanda) ni ndogo kama ya simu ya bei rahisi, na pikseli zinazopungua programu inazijaza kwa kubahatisha. Ni mchuzi ulioongezwa maji. Sufuria imejaa, nyama ni zile zile.

Tufanye hesabu mara moja tu. Picha ya postikadi, inchi 4 kwa 6, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1,200 kwa 1,800. Hizo ni megapikseli mbili na kidogo. A4 nzima haifiki 9. Sasa hizo 48 unazipeleka wapi, status ya WhatsApp? Na ukitoka 12 kwenda 24 hujapata picha kubwa mara mbili kila upande. Urefu na upana vimeongezeka kwa asilimia 41 tu. Canon wenyewe waliwahi kurudi nyuma: PowerShot G10 ya 2008 ilikuwa na 14.7, G11 ya mwaka uliofuata wakaishusha hadi 10, kwa makusudi, ili picha za gizani zipungue chengachenga.

Cha kuuliza ni ukubwa wa sensa.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Sensa inayoitwa ya "inchi moja" haina inchi moja popote. Ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ipime pembe hadi pembe, hufiki hata 16, na inchi ni 25.4! Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya vioo ya kamera za televisheni za zamani, ambako kilichopimwa kilikuwa unene wa mrija kwa nje, siyo sehemu inayoshika picha. Mirija imekufa, uongo umebaki. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo akikupimia namna hii utaita mgambo. Halafu kuna ile ya 1/2.3, iliyojaa kwenye kamera ndogo za bei ya chini: milimita 6.2 kwa 4.6. Zidisha mwenyewe. Ya inchi moja inaizidi eneo mara nne. Sensa ya ukubwa unaoitwa APS-C, iliyomo kwenye kamera ya Ricoh GR III, inaizidi hiyo ya inchi moja mara tatu tena, na kamera bado inaingia mfukoni.

Eneo maana yake mwanga, na mwanga ndio tusiokuwa nao ukumbini Sinza saa tatu usiku, MC kazima taa kubwa na zile za zambarau zinazunguka juu ya keki.

Ila sensa kubwa nyuma ya lenzi ya giza ni kazi bure. Soma namba za f zote mbili, ya lenzi ikiwa pana na ya ikivutwa; namba ikiwa ndogo, mwanga unaopita ni mwingi. RX100 ya kwanza ya Sony, ya 2012, imeandikwa f/1.8 na watu wanaishia hapo. Ni f/1.8 ikiwa pana. Ukivuta hadi mwisho inakuwa f/4.9. Canon G7 X ya 2014, sensa ya ukubwa ule ule, ikivutwa hadi pale pale iko f/2.8, yaani inapitisha mwanga mara tatu. Mzee wa mkanda nilimwambia ni sawa na kutoka mkanda wa ASA 400 (wepesi wake wa kushika mwanga) kwenda 1200, akaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Kanzu na shela nazo zina kesi yao. Mita ya mwanga iliyomo kwenye kamera inaona weupe umejaa, inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, sura ya bwana harusi inazama. Kwa hiyo nataka gurudumu la kuongeza mwanga pale juu, kidole gumba kinalifikia bila kuhangaika na menyu. G7 X inalo.

Mengine haraka. Mzee alipoishika RX100 yangu aliipeleka moja kwa moja jichoni, akakutana na plastiki. Jua la saa saba pale Kivukoni, skrini inageuka kioo cha kujitazamia. RX100 III ya 2014 ina kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza. G7 X na GR III hazina. Sony nyingi zilizouzwa Japani zina menyu ya Kijapani tu, kwa hiyo washa kabla hujalipa. Betri imevimba? Achana nayo.

Kwenye mtumba, vumbi ndilo linaloniumiza zaidi. Lenzi ikiingia na kutoka inavuta hewa, na hewa yetu mnaijua. Weka f/11, piga ukuta mweupe, ikuze picha. Ukiona madoa meusi, vumbi limekaa kwenye sensa, na kompakti, yaani hizi kamera ndogo za lenzi isiyotoka, huchomoi lenzi ukapuliza; lazima ifunguliwe mwili mzima. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Mrudishie mwenye mali, nenda zako.

Sasa la aibu. Mwaka jana nilichapa A3 mbili, moja ya sensa ya 1/2.3 na nyingine ya inchi moja, zote za asubuhi kweupe Coco Beach, nikazibandika ukutani bila alama. Wiki moja baadaye nikajitahini. Nikachagua ile ya sensa ndogo kuwa ndiyo nzuri. Mimi, ninayeandika haya. Na simu nzuri ya siku hizi, mchana, inaunganisha picha kadhaa kuwa moja na kunishinda mbele ya wateja. Anayepiga mchana tu sina sababu ya maana ya kumwambia anunue kompakti. Nahisi kamera inamtuliza mtu, haiiti katikati ya picha. Ila hiyo ni hisia yangu, haipimiki kwa rula.

Dukani walikataa kumrudishia mzee hela, mjukuu ndiye aliyerithi 48. Nilimwazima RX100 yangu ajaribu.

"Hii ina ngapi?"

"Ishirini, mzee."

"Kumbe umenipunguzia."

Alisema siku mbili. Jana kanipigia, anaulizia chaja.