"Sikiliza wewe kwanza": simu, voisimeli na watu wazima wenye usonji

Mteja wangu aliweka simu mezani akaisukuma upande wangu taratibu kama kitu kinachoweza kuuma. "Sikiliza wewe kwanza, halafu uniambie kama amekasirika." Voisimeli, yaani ujumbe wa sauti aliouachiwa kwenye simu, ilikuwa na wiki tatu, hajaigusa. Nikaiweka sikioni. Dada wa mapokezi kwa daktari wa meno, sekunde kama ishirini hivi, anamkumbusha miadi na anaomba athibitishe. Basi. Hasira hamna, nadhani alikuwa hata anatafuna kitu. Na miadi yenyewe ilishapita kitambo.

Mimi ni mwanasaikolojia na wateja wangu wengi ni watu wazima wenye usonji, yaani autism (huyu ameridhia nimwandike na nimebadilisha mawili matatu asijulikane), na lalamiko la simu nalisikia karibu kila wiki. Kuna mmoja anafundisha ukumbi mzima wa wanafunzi bila shida yoyote lakini kupiga simu kuulizia mzigo wake umefika wapi ataahirisha siku nne, siku ya tano aende mwenyewe kwa miguu.

Ndugu zao huwaambia ni aibu tu, zoea. Sisi wataalamu tunasema hivyohivyo ila kwa maneno makubwa. Nilikuwa natoa kazi ya nyumbani kabisa: leo piga simu moja, kesho mbili, woga utashuka wenyewe. Njia hiyo ni nzuri sana kwa mtu anayeogopa kitu kisicho na madhara, maana akikikaribia mara kwa mara ubongo unajionea kwamba kumbe hamna kitu. Sasa kwa wateja wangu simu nyingi zilikuwa zinaenda vibaya kweli, yaani hakulisikia jina, akajibu swali ambalo hakuulizwa, wakaingiliana maneno na yule wa upande wa pili mpaka yule akauliza "mbona unanikatisha?" Nilikuwa namtuma mtu akakusanye ushahidi kwamba ana haki ya kuogopa. Mmoja aliniambia hivyo waziwazi baada ya simu ya nane, nikaona aibu nikaacha.

Watu huuliza, si afadhali simu basi, maana humtazami mtu machoni? Swali zuri. Ila mtu asiyependa kutazamana machoni bado anaona midomo, mikono, mtu anavyovuta pumzi anapotaka kusema, anaona mwenzie amegeukia kompyuta kwa hiyo kimya hiki ni cha kutafuta faili. Kwenye simu vyote hivyo vinaondoka, na kimya kinabaki kimya. Hapo ndipo wengi huanza kujieleza upya, kuomba radhi, au kudhani simu imekatika.

Halafu kuna suala la muda, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndio kiini chenyewe. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 wakakuta kati ya mtu mmoja kumaliza kuuliza na mwingine kuanza kujibu kunapita kwa wastani kama milisekunde 200, moja ya tano ya sekunde. Wakati huohuo, mtu akionyeshwa picha ya kitu ataje jina lake, kuliandaa hilo neno moja tu kunachukua kama milisekunde 600. Hesabu haikubali, sivyo? Inakubali kwa sababu wengi wetu tunaanza kuandaa jibu kabla mwenzetu hajamaliza, tunakisia sentensi yake itaishia wapi. Sasa mchukue mtu ambaye kukisia huko kwa mgeni kunamgharimu, anayetaka kwanza asikie swali zima ndio alifikirie, mnyime uso wa msemaji, halafu mwongezee ucheleweshaji wa mtandao, atachelewa nusu sekunde tu na yule wa upande wa pili keshaanza "haloo? haloo, unanisikia?" Hapo jibu alilokuwa analijenga linabomoka, aanze upya.

Sauti nayo haiji nzima. Simu ya kawaida ya tangu zamani inapitisha masafa ya hezi 300 mpaka 3400 hivi tu, na sehemu kubwa ya nguvu ya herufi kama S na F iko juu ya hapo, ndio maana hata wewe ukitaja jina kwenye simu inabidi ulitamke herufi kwa herufi. Laini za kisasa zimeboreka. Lakini mtu ambaye ubongo wake hauchuji kelele vizuri, ambaye feni ya ofisini na sauti yako anavisikia kwa uzito mmoja, huyo kila herufi inayomezwa anailipia.

Turudi kwenye voisimeli, ambayo wengi wanaichukia kuliko simu yenyewe. Kuacha ujumbe ni kuongea na ukuta unaokurekodi. Hamna "mhm" ya kukuonyesha umeeleweka, hujui useme kiasi gani, mlio ukishalia kipimo kimeanza, na mara nyingi ukikosea ulichosema hakifutiki. Mteja mmoja anaandika karatasi neno kwa neno, mpaka jina lake anaandika, kwa sababu siku moja alilisahau. Siku mashine ikidaka simu badala ya mtu, karatasi haifai tena maana aliandaa mazungumzo, sio hotuba, anakata, kisha anabaki na wasiwasi wa ile miskoli aliyoiacha: watampigia? saa ngapi? atakuwa wapi? Siku nzima inageuka kusubiri, hafanyi kingine.

Kuupokea ujumbe nako kuna yake. Meseji unaitupia jicho ukajua kama ni habari mbaya. Sauti lazima uifungue, isogee kwa mwendo wake, namba ya simu itajwe mbio mwishoni wakati huna kalamu. Na toni lazima uitafsiri mwenyewe. Mtu aliyekaripiwa maisha yake yote bila kuelewa kosa liko wapi, unategemea atatafsiri vipi "naomba unipigie" isiyo na maelezo? (Mabosi, hiyo meseji ya "nipigie" tupu muiache jamani. Ongeza maneno matatu: kuhusu nini.)

Haya sio ya chumba changu tu. Mwaka 2021 Philippa Howard na Felicity Sedgewick walitoa utafiti wa watu wazima 245 wenye usonji, na kati ya njia za kuwasiliana wanazozipenda simu ilikaa mkiani, hasa kwa kutafuta huduma ambako wengi walitaka imeli. Ule wa Mary Doherty na wenzake wa 2022 ndio unaninyima usingizi: kati ya vizuizi vya kumuona daktari, kuweka miadi kwa simu kulitajwa na asilimia 62 ya wenye usonji walioulizwa. Yaani mtu anaumwa, daktari yupo, na kati yao kuna mlio wa simu. Na mimi wa kuandika haya, kwa miaka kadhaa ofisini kwetu njia pekee ya kuomba miadi ilikuwa namba ya simu. Kliniki ya watu wenye usonji! Sasa kuna fomu na imeli, imetuchukua siku moja kuziweka.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni "hii simu ni ya lazima?" Nyingi sio za lazima. Zilizobaki tunazibadilisha zenyewe: muda unapangwa kabla, ajenda inatumwa kwa maandishi, spika wazi ili mikono iwe huru kuandika, na sentensi moja mwanzoni, "nikinyamaza nafikiria, usikate." Hiyo sentensi ndio wanaipenda kuliko ushauri wangu wote. Kwenye voisimeli yao wanarekodi "sisikilizi ujumbe hapa, tafadhali tuma meseji", na simu ziwezazo kugeuza sauti kuwa maandishi zimekuwa mkombozi, hata zikikosea majina.

Yule wa daktari wa meno nilipanga naye anipigie Alhamisi saa nne kamili, aseme mambo mawili tu. Saa nne kamili ikaita. Akasema la kwanza, akanyamaza, nikanyamaza nami, akasema la pili. "Nimemaliza, nakata." Akakata, mi bado nimefungua mdomo kumuaga.