Kubana HDR bila kupoteza uso

Harusi ilikuwa Tanga, ukumbi una taa za LED za zambarau jukwaani, na binamu wa bi harusi alikuwa na iPhone mpya. Mimi nilipiga kwa kamera yangu ya kila siku. Baadaye binamu akanitumia klipu sita alizopiga kwa karibu, nzuri kweli, nikazichanganya na zangu na kupeleka kazi. Siku ya kutazama, mama mzazi aliangalia seti yake kwa muda, akanigeukia: "Baba, mbona mwanangu hapa kapauka hivi? Kama kapakwa unga."

Mama alisema kweli. Kwenye simu picha ilikuwa inawaka. Kwenye runinga ile shela lilikuwa la kijivu na nguo nyekundu ya somo imefifia kama imefuliwa mara mia. Tangu siku hiyo sigusi klipu ya simu kabla ya kujua imerekodiwa kwa lugha gani.

Nasema lugha kwa sababu video ni namba tu, na runinga inazitafsiri namba hizo kuwa mwanga. Video ya kawaida, SDR, inafuata kanuni za rangi za BT.709 ambazo zimekuwapo tangu 1990, na studio huihesabu nyeupe yake kuwa niti 100. Niti moja ni mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba. HDR, yaani video yenye upeo wa mwanga mpana kuliko wa kawaida, ina kanuni mbili kubwa. Ya kwanza ni PQ, iliyosanifiwa 2014, ambayo kila namba yake inataja kiasi halisi cha mwanga hadi niti 10,000. Ya pili ni HLG, iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja. iPhone kuanzia toleo la 12 hurekodi HDR yake juu ya msingi wa HLG.

Sasa tazama kinachotokea runinga ya kawaida ikipewa PQ na kuisoma kama SDR. Niti 100 kwenye PQ zinakaa karibu katikati ya kipimo, asilimia 51 hivi. Runinga inaiona namba hiyo kama "nusu", inaitafsiri kwa gama yake ya 2.4 (gama ni kanuni ya kugeuza namba kuwa mwanga), inatoa niti kama 20. Kitu cha niti 10 kinatoka na niti kama 5 na nusu. Tofauti iliyokuwa mara kumi imebaki mara tatu na nusu. Ndiyo huo upaukaji: hakuna kilichoharibika kwenye faili, kimesomwa vibaya tu. HLG haiumii kiasi hicho, maana iliundwa ili runinga za zamani nazo ziambulie picha, lakini rangi zake zimeandikwa kwa wigo mpana wa BT.2020, hivyo zikisomwa kwa BT.709 zinafifia.

Wengi hapa hukimbilia kuongeza kontrasti na rangi mpaka macho yaridhike. Tafadhali usifanye hivyo. Unapaka rangi juu ya kosa, na kila klipu itakudai marekebisho yake. Kwanza uliza faili yenyewe. Mimi natumia ffprobe, programu ndogo inayosoma maelezo ya faili: ukiona color_transfer imeandikwa arib-std-b67, hiyo ni HLG; ukiona smpte2084, ni PQ.

Kugeuza kwenyewe kuna mpangilio ambao hauvunjwi. Unarudisha namba kuwa mwanga halisi, unahamisha rangi kutoka BT.2020 kwenda BT.709, unabana mwanga uliozidi, halafu ndipo unaandika upya kwa gama ya SDR. Ukibana kabla ya kurudisha kwenye mwanga halisi, hesabu yote inapinda. Kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi, mnyororo wangu wa HLG ni huu:

zscale=t=linear:npl=203,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=tonemap=mobius:param=0.3:peak=4.9:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv:d=error_diffusion,format=yuv420p

Hiyo 203 ni niti ambazo mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unaipa nyeupe ya kawaida ndani ya HDR, yaani karatasi au shela, si taa. HLG huhesabiwa kwenye skrini ya niti 1,000, na 1,000 ukigawa kwa 203 unapata 4.9. Kwa hiyo tunaiambia programu: nyeupe ni 1, na kitu kikali kuliko vyote ni 4.9. Kazi iliyobaki ni kukiingiza hicho 4.9 kwenye mlango wa 1.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanakupa njia ya kubana iitwayo hable bila maelezo. Hable ilitoka kwenye michezo ya kompyuta. Inatunza vizuri sehemu zenye mwanga mkali, lakini inatia giza picha nzima. Nyaraka za ffmpeg zinasema giza hilo ni dogo. Dogo kwa nani? Nyeupe ikiwa 1, ngozi nyeusi hurudisha kama 0.1 ya mwanga huo, na ngozi nyeupe ni kama 0.35. Nimeipiga hesabu ya hable kwa kilele cha 4.9: 0.1 inatoka ikiwa 0.049. Nusu ya mwanga wa uso imekwenda! Mashavu, hina ya mkononi, ule mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso, vyote vinazama kivulini ili balbu ya ukumbini ionekane umbo lake.

Mobius, njia niliyoiweka kwenye mnyororo wangu, haigusi chochote kilicho chini ya 0.3. Uso wa 0.1 unatoka 0.1, ulivyo. Inaanza kubana juu ya hapo, taratibu, na shela la 1 linakaa 0.68, likiacha nafasi kwa mng'ao wa shanga na taa. Taa zenyewe zitapoteza umbo kidogo. Sawa, zipoteze. Hakuna familia iliyonilipa kwa ajili ya balbu.

Rangi kali ni shida nyingine. Ile zambarau ya LED ipo nje ya BT.709 kabisa, na ikikatwa ghafla inageuka doa moja lisilo na mikunjo ya nguo ndani yake. Kwa klipu za namna hiyo nahamia kwenye kichujio cha libplacebo, ambacho husogeza rangi za nje kwa upole zaidi, ingawa kompyuta inahitaji kadi ya picha inayokubali Vulkan, mfumo ambao programu hutumia kuiendesha kadi hiyo.

Na hiyo error_diffusion usiiache. Unatoka biti 10 zenye ngazi 1,024 kwenda biti 8 zenye ngazi 256. Bila chenga ndogo za kulainisha, ukuta wenye mwanga unaofifia utatoka na mistari kama ngazi.

Ukishamaliza, rudi kwenye ffprobe. Rangi, gama na matriki, vyote vitatu visomeke bt709. Mabaki ya lebo ya HDR yakibaki kwenye faili, simu ya mteja itaigeuza picha mara ya pili, na uso uliouokoa utaharibikia mkononi mwake.