Kukata doa la ukungu hakuokoi boflo

Kwa joto na unyevu wa Tanga, boflo likilala siku chache mfukoni huota ukungu. Ngamiani utasikia: “Kata hapo penye kijani tu, kwingine kuzima.”

Si kuzima. Lile doa la kijani ni sehemu ya kuzalia: limejaa spora, vumbi laini linalopeperuka hata ukipumua karibu. Kuvu yenyewe imo ndani, ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyingi hazina rangi, kwa hiyo kwenye mkate mweupe huzioni. Haina miguu wala mdomo. Husogea kwa kurefusha ncha za nyuzi, na hula kinyume chetu: humwaga nje vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, wanga huvunjwavunjwa hapo hapo, ndipo inyonye. Wewe unapaka siagi, mwenzio alishaanza kula.

“Basi nitauchoma.” Moto utaua kuvu, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, kama ipo, haiondoki kwa moto wa jikoni. Wala usinuse kupima; utavuta spora.

Karoti ni kesi nyingine. Ni ngumu, nyuzi hupenya kwa shida, ukikata pande nene kuzunguka doa inatosha. Boflo litupe lote.