Jenereta kwenye buti la gari la umeme: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila panapozungumzwa magari ya umeme hatokosekana mtu wa kusema: tia jenereta ndogo kwenye buti, ukiishiwa chaji njiani unaiwasha, safari inaendelea. Ni kweli kwamba jenereta inayofaa huchaji gari. Lakini wazo hilo limezungukwa na dhana ambazo nyingine zitakupotezea siku nzima na moja inaweza kukuua, kwa hiyo zinastahili kuangaliwa moja moja.

"Nusu saa tu itanifikisha kituoni."

Wengi hawapigi hesabu hii. Jenereta ya kubebwa na mtu mmoja, yenye uzito wa kilo 20 hivi, hutoa takriban wati 1,800 mfululizo. Gari la umeme la ukubwa wa wastani hula kilowati-saa (yaani uniti za umeme) 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Tuseme unachaji kwa wati 1,400. Sehemu ya umeme huo hupotea chaja ya ndani ya gari inapoubadilisha uingie betrini, na sehemu nyingine huliwa na kompyuta na pampu za gari, ambazo hubaki zikifanya kazi muda wote wa kuchaji. Baada ya saa nzima betri imepata kama kilowati-saa 1.1, yaani kilomita 6 au 7. Kituo kikiwa kilomita 30 mbele, utakaa kando ya barabara zaidi ya saa nne. Chaja ya kasi ya kilowati 50 hutoa umeme wa kilomita hizo 30 kwa chini ya dakika 10.

Na kilomita hizo 30 zitakugharimu lita 3 hadi 4 za petroli, kwa sababu injini ndogo ya jenereta hutoa kilowati-saa 1.5 hadi 2 tu kwa lita. Gari la kawaida la petroli lingetumia kidogo kuliko hapo.

"Jenereta yoyote itafaa."

Hapa ndipo watu wengi hukwama, tena wakiwa tayari wameshanunua.

Kwanza ni nguvu. Viwango vya kimataifa vya kuchaji magari haviruhusu kushuka chini ya ampea 6. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 1,380, kwa hiyo jenereta ya wati 1,000 haitachaji hata kidogo. Kebo nyingi za kuchajia kwenye soketi ya kawaida huvuta ampea 10, ambazo ni wati 2,300, na jenereta ya wati 1,800 itazidiwa na kujizima. Itabidi upunguze ampea kwenye kebo yenyewe au kwenye skrini ya gari kabla ya kuwasha. Pia usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi ni nguvu ya kilele, ambayo mashine huihimili kwa sekunde chache, ilhali kuchaji gari ni mzigo wa saa nyingi usiopumzika. Na ukiwa mwinuko wa juu, injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda.

Pili ni waya wa ardhini. Unachomeka kila kitu sawasawa, jenereta inanguruma vizuri, halafu taa ya kebo inageuka nyekundu na gari halipokei chochote. Kitu hakijaharibika. Katika jenereta nyingi ndogo, nyutro (waya unaorudisha umeme) haijaunganishwa na ardhi, na kebo ya gari huikagua ardhi kwanza kabla ya kuruhusu umeme upite. Isipoiona, inakataa, na inafanya hivyo kukulinda. Kuna plagi maalumu ya kuunganisha nyutro na ardhi kwenye jenereta inayosimama peke yake. Itengenezwe na fundi umeme anayejua anachofanya, na kamwe isitumike jenereta ikiwa imeunganishwa na nyaya za nyumba.

Tatu ni ubora wa umeme. Jenereta za bei rahisi huyumba volti na masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) mzigo unapobadilika, na magari mengi hayaukubali umeme wa namna hiyo. Zenye invata, kifaa cha kielektroniki kinachosawazisha umeme, hutoa umeme tulivu, na kwa kazi hii ndizo za kutafuta.

"Nitaiacha ikinguruma butini huku naendesha."

Gari la umeme halitembei waya wa kuchajia ukiwa umechomekwa. Waliotaka kuzalisha umeme huku wakiendesha walitengenezewa ndani ya gari lenyewe: BMW i3 iliuzwa pia ikiwa na injini ya petroli ya cc 647 ya kuzalisha umeme, yenye bomba lake la moshi.

Jenereta ya butini moshi wake unaingia mlipo. Una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kufungua mlango wa buti hakutoshi kuiondoa. Ninachokihofia zaidi ni zile saa nne za kusubiri. Mvua inanyesha, mtu anaisogeza jenereta karibu na gari, anafunga vioo, analala. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mzito, haamki. Iwekeni mita 6 au zaidi kutoka kwenye gari, upande ambao upepo hauleti moshi kwenu, na msilale ndani ya gari inapowaka.

"Ikizimwa haina neno."

Mvuke wa petroli unatosha kuwaka. Mwaga mafuta yote kabla ya kuipakia, beba petroli kwenye dumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na usijaze tangi injini ikiwa moto. Petroli iliyokaa miezi mingi huziba kabureta, kwa hiyo jenereta iliyosahauliwa butini mwaka mzima huenda isiwake siku unayoihitaji.

"Betri kubwa ya kubebeka inaimaliza shida."

Haina moshi, na hilo ni jema. Lakini ya kilowati-saa 2 ina uzito wa kilo 20 hivi na inakupa kilomita 10 au pungufu, kisha imeisha.

"Gari limekufa, basi chaji imekwisha."

Mara nyingi kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12 inayoamsha mifumo ya gari. Ikiisha, hata jenereta nzuri haitasaidia, maana gari halina uwezo wa kuanza kuchaji. Kifaa kidogo cha kuamshia betri kinachoenea kwenye droo ya dashibodi kina manufaa zaidi.

Kwa anayefanya kazi mbali na gridi, kambini au shambani, na anayeweza kuliacha gari likichaji usiku kucha, jenereta ina maana. Kwa msafiri wa kawaida, chaji ikipungua, ashushe mwendo mapema: kutoka kilomita 110 hadi 80 kwa saa huokoa kama robo ya umeme, na zaidi kwa magari mengine. Magari kama Hyundai Ioniq 5 hutoa hadi kilowati 3.6 kwa gari jingine, mara mbili ya jenereta ndogo. Na ukilazimika kuvutwa, omba lori la kubeba gari zima juu, kwa sababu magari mengi ya umeme huharibika yakiburutwa magurudumu yanayozungushwa na mota yakiwa chini.