Sauti ya uwanjani: kwa nini niliacha TCP

Nilipotengeneza mfumo wa kupeleka sauti ya mtangazaji wa mpira kutoka uwanjani hadi studio kwa laini ya simu, nilianza na TCP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kusafirisha data mtandaoni, kwa sababu haipotezi kitu. Mtandao ulipoyumba, sauti ilikatika, kisha ikaendelea ikiwa nyuma ya mchezo. Goli limeshafungwa, studio bado wanasikia kona ikipigwa.

TCP hukabidhi data kwa mpangilio tu. Pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipotea, zilizofika baada yake husubirishwa hadi hiyo itumwe upya. Kwa faili ni sawa. Kwa sauti ni hasara tupu: Opus, mfumo wa kubana sauti ninaoutumia, kwa kawaida hukata sauti vipande vya milisekunde 20, na kimoja kikikosekana huziba pengo kwa kukisia, mara nyingi bila msikilizaji kugundua. Anachogundua ni ukimya wa kusubiri.

Nikahamia UDP, itifaki inayotuma pakiti bila kuhakikisha zimefika. RFC 768 ya mwaka 1980, moja ya hati zinazoeleza itifaki za intaneti, inaieleza kwa kurasa tatu, na kichwa chake, yaani maelezo yanayotangulia data katika kila pakiti, ni baiti 8. Pakiti inaweza kupotea, kufika mara mbili au kupitwa na iliyotumwa baadaye, kwa hiyo juu yake niliweka RTP, itifaki ya kubeba sauti na video papo hapo. Baiti 12 za kichwa chake hubeba namba ya mfuatano na alama ya wakati. Bila hizo mpokeaji hajui kilichokosekana wala lini acheze kilichofika.

Hapa naomba uwe makini sana: UDP haijui msongamano. Laini ikijaa, programu yako itaendelea kumwaga pakiti na kuwabana wengine wote wanaoitumia. Soma ripoti za RTCP, itifaki mwenza wa RTP inayoeleza pakiti zinavyopokelewa; upotevu ukipanda punguza kiasi cha data ambacho Opus hutoa kwa sekunde. Itifaki nyingine, DCCP, ilisanifiwa kwa kazi hii hasa, RFC 4340 ya mwaka 2006, ikiwa na udhibiti wa msongamano ndani yake. Usanifu wake naupenda, lakini ruta nyingi za majumbani hazipitishi itifaki zisizozijua.

Anayeanza leo atazame pia datagramu (pakiti zinazojitegemea) za QUIC, itifaki mpya zaidi inayopita juu ya UDP, RFC 9221 ya mwaka 2022: hazirudiwi zikipotea, zimesimbwa, na msongamano unadhibitiwa. Mimi nimebaki na RTP kwa sababu vifaa vya studio vinaielewa.

Orodha ya wachezaji na matokeo bado navituma kwa TCP. Huko jina likichelewa sekunde mbili hakuna anayeumia, ila likipotea, mtangazaji wa studio atasoma kikosi cha watu kumi.