Vifuniko vya Bure, Skrubu za Kununua

Mtu akileta gunia la vifuniko vya chupa za plastiki kwenye asasi ya sanaa ya jamii, huondoka akijua msaada umeshafika. Kwa wanaolipokea, kazi ndiyo kwanza inaanza, na hapo ndipo misaada mingi yenye nia njema hukwama.

Chukua picha ya ukutani ya vifuniko. Kifuniko cha kawaida cha chupa ya soda kina kipenyo cha takriban milimita 30. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inabeba vifuniko 81 kwa urefu na 40 kwa upana, yaani 3,240. Idadi hiyo hukusanyika. Lakini kila kifuniko kinashikwa na skrubu yake, kwa hiyo zinatakiwa pia skrubu 3,240, na hizo hakuna anayezitupa jalalani. Bado hujanunua plaiwudi yenyewe, ya kuhimili mvua, milimita 12, wala rangi ya kwanza ya kuipaka pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo zisisahaulike kamwe: maji huanza kuingilia hapo, na baadaye matabaka ya plaiwudi huachana.

Hata skrubu ina hesabu yake. Mdomo wa kifuniko ukielekea ubaoni, skrubu inapita kwanza uwazi wa ndani ndipo ifike kwenye ubao. Ya milimita 16 itaishia hewani. Kwa vifuniko vifupi tumia ya milimita 25, kwa virefu 30. Ukiweka ya 30 kwenye kifupi, ncha itatokeza nyuma na kumchoma mtu anayebeba ubao. Skrubu ikiwa na unene wa milimita 3.5, toboa tundu la milimita 4 na uchague yenye kichwa kipana. Plastiki hutanuka juani; tundu likibana, au skrubu ikikazwa kupita kiasi, kifuniko hupasuka kuanzia pale pale kwenye tundu. Kaza mpaka kiache kucheza, kisha acha.

Ndiyo maana nikiulizwa asasi ya namna hii isaidiwe nini, jibu langu la kwanza ni fedha ambazo hazijafungwa kwenye mradi mmoja. Wafadhili hupenda kulipia picha itakayozinduliwa, lakini kodi ya ghala, umeme, rafu na skrubu havina sherehe ya uzinduzi. Kiasi kidogo cha kila mwezi kinaisaidia asasi kupanga mambo yake kuliko mchango mkubwa wa ghafla.

La pili ni mikono ya kuchambua. Vifuniko vinalowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, vinasuuzwa, vinaanikwa mdomo chini, kisha vinagawanywa kwa rangi, kila rangi na ndoo yake. Sukari ikibaki, sisimizi watahamia ghalani. Vikifungwa na unyevu, vitaota kuvu. Visoda vya bati viwekwe kando, maana vinakata vidole na vinashika kutu. Mtu anayekuja kufanya kazi kwa muda wa saa 3 kila wiki, bila kukosa, ana thamani kubwa kuliko kundi la watu 40 linalokuja siku moja kupiga picha.

Vitu vyenyewe ni vya tatu. Kabla hujafunga boksi, omba orodha ya mahitaji ya mwezi huo. Kinachotakiwa zaidi ni vitu vinavyofanana kwa wingi, kwa sababu darasa la watoto 30 linahitaji vipande 30 vya aina moja. Mabaki ya viwandani yanafaa sana hapo: kituo cha Remida cha Reggio Emilia, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1996, kinategemea mabaki hayo kuhudumia shule.

Kitambaa kiwe kimefuliwa, kimekauka, na kibandikwe jina la nyuzi zake. Usipozijua, chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya bakuli la chuma na uziwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Kipimo hiki kinaokoa somo zima la kutia rangi: rangi inayonasa kwenye pamba itasuuzika yote kwenye poliesta, na mwanafunzi atadhani amekosea yeye.

Rangi za maji zifungue na uzikoroge. Zikinuka uozo au zikibaki na mabonge, usizipeleke.

Yapo ya kukataa kabisa, hata kama aliyeyaleta atasononeka. Plastiki yenye namba 3 ndani ya alama ya pembetatu, yaani PVC, ikipata moto hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayounguza macho na koo. Isikaribie darasa la kuyeyusha plastiki kwa pasi. Mbao kuukuu zenye ukijani wa dawa huenda zilitiwa aseniki, ambayo ni sumu, na ukizipiga msasa vumbi lake linavutwa na wote waliomo. Betri za lithiamu, makopo ya kupulizia na rangi za mafuta zilizobaki nusu vipelekwe panapopokewa taka hatarishi.

Boksi lisizidi kilo 15, ili mtu mmoja aweze kulinyanyua hadi rafuni. Andika ubavuni, pande mbili, kilichomo na idadi: «vifuniko, bluu, vimeoshwa, 500». Usiandike kwenye mfuniko wa juu, kwa sababu boksi jingine litawekwa hapo.