Gari halitoi moshi mweusi, kwa nini limekataliwa?

Swali hilo tunaulizwa karibu kila siku kwenye ukaguzi wa magari hapa Lubumbashi, na malalamiko yameongezeka tangu tulipoanza kufungua kapo (boneti) ya kila kamyo ya mazuti, yaani dizeli, badala ya kupima moshi peke yake. Tunaamini wengi wanauliza kwa nia njema. Basi tujibu.

Mashine yetu hupima weusi wa moshi tu. Haioni oksidi za nitrojeni, gesi inayokwaruza kifua bila kuonyesha rangi. Fundi akiziba kwa kibati valvu inayorudisha moshi kwenye motere, weusi unaweza hata kupungua, mteja akafurahi. Gesi hiyo lakini inapanda, na ndiyo sababu tunafungua kapo.

Katika motere ya mazuti ya kawaida, mafuta huanza kuwaka kabla hayajachanganyika vizuri na hewa. Katikati ya mrusho, yaani mafuta yanaporushwa ndani ya silinda, mafuta ni mengi kuliko hewa: hapo huzaliwa masizi. Pembeni, hewa inapotosha, joto la mwali hupita nyuzi 1,900 na oksidi zinatengenezwa. Kwa miaka mingi watengenezaji walibanwa hapo: ukiwahisha mrusho masizi yanapungua na oksidi zinaongezeka, ukiuchelewesha inakuwa kinyume.

Njia waliyoipata ni kuyapa mafuta nafasi ya kuchanganyika kwanza, ndipo yawake. Mrusho unawahishwa sana, au unacheleweshwa kama Nissan ilivyofanya mwishoni mwa miaka ya 1990, na moshi uliopozwa unarudishwa kwa wingi kwenye silinda. Moshi huo hupunguza oksijeni, kuwaka kunachelewa, mchanganyiko unasambaa na joto halipandi sana. Masizi na oksidi vinapungua pamoja. Mazda nayo mwaka 2012 ilitoa motere ya mazuti inayobana hewa mara 14 tu, chini ya kawaida, kwa sababu hiyo hiyo ya kuyapa mafuta muda. Ukiziba valvu umeondoa sehemu ya mpango huo, na kompyuta bado inarusha mafuta kana kwamba moshi unarudi.

Njia hii ina mipaka. Mzigo ukiwa mkubwa, mchanganyiko wote huwaka kwa kishindo, kwa hiyo kompyuta hurudi kwenye uwakaji wa kawaida. Kamyo iliyosheheni shaba ikikata mlima haifaidiki sana. Mzigo ukiwa mdogo, monoksidi ya kaboni huongezeka, na katalizata, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, ndiyo huimaliza. Wanaong'oa katalizata ili kuiuza wanajua wanachofanya, sina la kuwaeleza.

Ni kweli valvu hujaa masizi. Dawa yake ni kuifungua na kuiosha, na kuchunguza injekta na chujio la hewa. Wale wanaosema moshi mweusi ni dalili ya nguvu, jamani, hayo ni mafuta mliyoyalipia yakitoka bila kuungua. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na hewa ni nyepesi kuliko pwani. Ukiongeza mafuta kwenye pompu, hewa ya kuyachoma hakuna. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuhusu ukaguzi wenyewe: gari lije motere ikiwa na moto, oili ifike nyuzi 80. Gea iwe huru, breki ya mkono ivutwe. Kipimo kinaingizwa kwenye bomba la moshi, shoferi anakanyaga pedali hadi mwisho kwa haraka, anaishikilia mpaka mizunguko ifike kikomo, kisha anaachilia. Zoezi linarudiwa, tunachukua wastani. Halafu tunaangalia valvu, mabomba yake na katalizata. Kikikosekana kimojawapo, cheti hakitolewi hata kama kipimo cha weusi ni kizuri. Utapewa karatasi yenye kasoro zilizoandikwa. Rudi na gari lile lile na karatasi ile ile, maana bila hiyo ukaguzi unaanza upya na gharama zake. Malipo yoyote, faini ikiwemo, yana risiti. Ukiombwa pesa bila risiti, usitoe. Njoo ofisini uandikishe malalamiko.